Kufuga pleko Unguja, asije akafa na njaa

Watu wananunua pleko, samaki wa kufugwa kwenye tangi la kioo, kwa kuambiwa tu huyu anasafisha tangi, wanamtia mle wanamsahau, hata haupiti muda tumbo limebonyea kafa. Huyo hajafa kwa ugonjwa, kafa na njaa.

Kwanza jua unanunua yupi. Pleko wa kawaida kwao ni mito ya Amerika ya Kusini, dukani yuko kama kidole lakini anafika sentimita 30 na kupindukia, anataka tangi la lita 400 kwenda juu, na kwa nyumba zetu za Mji Mkongwe sijui utaliweka wapi na ngazi zile. Bora mtafute ancistrus, ni kambare wa mabamba ya mfupa vilevile ila hazidi sentimita 15 hivi, lita 100 zinamtosha. Dume akikomaa anaota vindevu puani, watoto watavipenda.

Maji ya kisima cha pwani yaonje kwanza, yakiwa na chumvi achana nayo. Ya mfereji yaache ndooni wazi siku nzima klorini itoke. Na tafadhali musipambe tangi kwa matumbawe na makombe ya baharini, najua yanapendeza, lakini yanazidi kuyafanya maji magumu na ya kwetu yenyewe yanatoka kwenye mawe ya chokaa, sabuni haitoi povu. Weka kigae cha mtungi ajifiche mchana, na kipande cha gogo gumu ulichokichemsha na kukiroweka mpaka kikazama, maana anapenda kukikwangua.

Chakula mpe usiku ukishazima taa, tango au mumunye lililochemshwa kidogo, lichome uma lizame, asubuhi toa mabaki yasioze. Ule ukijani wa kwenye kioo haumshibishi.

Umeme ukikatika utamuona anapanda juu kumeza hewa, yeye anaweza kuvumilia hivo lakini samaki wenzake wengi hawawezi, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri muhimu.

Ukimhamisha tumia bakuli, wavu unanasa miiba ya mapezi mpaka uukate.

Na ukimchoka usimtupe mtoni wala kwenye bonde la mpunga! Florida, Mexico na Ufilipino walitupwa hivohivo, sasa wamejaa, wanachimba mashimo kingo zinabomoka. Mpe mwenye tangi au murudishie muuzaji hata kwa bure.