Antena ya utepe wa chuma kwa setilaiti ya 1U

Kwenye 437 MHz, ndani ya bendi ya redio ya ridhaa ya 435–438 MHz, wimbi moja lina urefu wa sentimita 68.6. Setilaiti ya 1U, yaani CubeSat (setilaiti ndogo ya umbo la mchemraba) ya kipande kimoja, ina upana wa sentimita 10 tu. Antena ukiifupisha mno ili ienee, unapoteza nguvu na bendi inakuwa nyembamba. Ndiyo maana wengi huikunja kabla ya safari, ikafunguka yenyewe angani. Hapa tunatengeneza dipoli, yaani antena ya mikono miwili, kila mmoja karibu robo ya wimbi.

Chukua utepe wa futi ya fundi, ile ya chuma inayojiviringisha ndani ya kasha, wenye upana wa milimita 6 hivi. Robo ya wimbi ni sentimita 17.2, lakini kata kila mkono sentimita 17.5, kwa sababu kupunguza ni rahisi na kuongeza haiwezekani. Kwangua rangi kwa msasa mwishoni mwa kila mkono mpaka chuma king'are, paka flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike), kisha lehemu haraka. Ukikawiza pasi ya lehemu, chuma kinalegea pale pale na hakitanyooka tena sawasawa. Ongeza skrubu ya M2 (kipenyo cha milimita 2). Lehemu peke yake isiachiwe kubeba mtikisiko wa roketi. Chuma hiki pia hushika usumaku, kwa hiyo kama setilaiti ina kihisi cha usumaku, tumia utepe wa shaba ya berili.

Sasa kupima, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mwili wa setilaiti nao ni sehemu ya antena. Ukipima mikono ikiwa juu ya kipande cha plastiki, halafu ukaifunga kwenye fremu ya alumini, masafa ambayo antena inaitikia yatahama. Pima ikiwa kwenye fremu kamili, na paneli za jua, betri na nyaya zote ndani. Ining'inize kwa kamba, mbali na meza ya chuma na kuta angalau mita moja. Waya wa koaksi wa kipimio cha VNA (kifaa kinachochora antena inaitikia masafa gani na nguvu kiasi gani inarudi) uvishe pete tatu au nne za feraiti karibu kabisa na antena. Bila hizo, waya nao unageuka antena: ukiushika kwa mkono, mchoro kwenye skrini unacheza. Hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta.

Urefu mpya ni urefu wa sasa mara masafa uliyopima, gawa kwa masafa unayotaka. Tuseme mikono ya milimita 175 imeitikia kwenye 415 MHz: 175 × 415 ÷ 437 ni milimita 166. Usikate zote tisa kwa mkupuo. Kata sita, pima, kisha endelea nusu milimita kwa nusu milimita, mikono yote miwili kwa usawa, maana milimita moja hapa ni karibu 2.6 MHz. Nguvu inayorudi kutoka kwenye antena ikiwa chini ya desibeli −10, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya iliyotumwa, inatosha. Kukimbilia −30 ni kupoteza siku, kwani joto na baridi ya obiti vitaihamisha tena kidogo.

Kunja mikono kuzunguka fremu, isichomoze zaidi ya milimita 6.5 nje ya reli (kingo nne za fremu), na isiguse alumini. Ifunge kwa uzi wa nailoni uliopita juu ya rizista ndogo. Rizista ikipata umeme inapata moto na kuukata uzi. Weka rizista mbili, kila moja na saketi yake. Vipimo vya CubeSat vinataka antena isifunguliwe kabla ya dakika 30 tangu setilaiti itolewe, na redio isirushe kabla ya dakika 45.

Jaribu kufungua ikiwa na baridi ya −20 °C, kwa betri yenyewe, si kwa umeme wa maabara. Betri baridi hushusha volti, rizista ikapata uvuguvugu tu, na uzi ukavutika badala ya kukatika. Rudia mara kumi, kila mara kwa uzi mpya. Programu nayo isitosheke na jaribio moja: weka swichi ndogo inayobonyezwa na mkono uliokunjwa, na kila mzunguko wa obiti, maadamu swichi bado imebonyezwa, rizista iwashwe tena, ikibadilishana na mwenzake.