Foleni ya mpakani: kuisoma ukiwa Fort Erie, kuipima ukiwa Mtambaswala

Watu wa Mtwara na Lindi wanaoishi Ontario, Kanada, wamezoea anasa moja. Kabla ya kuvuka Peace Bridge kutoka Fort Erie kwenda Buffalo, Marekani, unafungua simu, unaona dakika za kusubiri, unaamua kama utoke sasa au umalizie chai kwanza. Halafu unapanga likizo ya nyumbani, unasema utashukia Pemba ya Msumbiji kuwaona ndugu, kisha uingie Tanzania kwa gari kupitia mpaka wa Mtambaswala. Unatafuta namba ile ile, huioni. Programu ya forodha ya Marekani inahusu mipaka ya Marekani tu. Lakini ukishajua namba ile inavyopatikana, ya kwako unaweza kuitengeneza.

Peace Bridge kuna visomaji vya Bluetooth kando ya barabara. Cha kwanza kinanasa alama ya kifaa kilichomo ndani ya gari, iwe redio au simu. Cha mbele kinanasa alama ile ile, na tofauti ya saa ndiyo muda wa kusubiri. Blaine, mpakani mwa jimbo la Washington na British Columbia, kuna nyaya zilizofukiwa chini ya lami zinazohesabu magari yanayopita juu yake. El Paso, upande wa Mexico, malori yanatambuliwa kwa vibandiko vya redio.

Tatizo la Bluetooth ni kwamba gari halipimwi mpaka lifike kisomaji cha mwisho. Dakika 20 unazoziona ni za waliokwisha kupita, si zako wewe unayekwenda kushika mkia. Foleni ikiwa inarefuka, namba inakupa moyo bure. Ikiwa inapungua, inakutisha bure. Mimi huiangalia mara mbili, kwa kupishana robo saa. Ikipanda, najua yangu itazidi. Na usome safu yako: wenye kadi ya NEXUS, yaani wasafiri waliokwisha kuchunguzwa mapema, wana namba yao, malori yana yake.

Turudi kwetu. Daraja la Umoja, lile la Mtambaswala, lina mita 720 juu ya mto Ruvuma, lilifunguliwa Mei 2010, na gari hulivuka upesi tu. Muda unaliwa mezani: uhamiaji, forodha, kibali cha gari lenye namba za kigeni, bima. Kupima mkia wa magari peke yake hakutakufaa. Mwombe aliyetangulia aandike saa za kila hatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hivi:

"Mtambaswala, naingia Tz, gari dogo, namba za Msumbiji. Saa za Tz. Kufika 4:10, muhuri wa pasipoti 4:35, forodha 6:05, geti 6:15."

Hapo kila kitu kiko wazi. Uhamiaji dakika 25, forodha saa moja na nusu. Basi karatasi za gari ndizo za kuhangaikia ungali huko uliko. Mwenye pasipoti ya Kanada naye aombe viza ya Tanzania mtandaoni mapema, asiende kujifunza utaratibu dirishani. Aliyevuka bila gari hawezi kukwambia lolote kuhusu ile saa moja na nusu, kwa hiyo taarifa isiyotaja chombo iache ipite.

Hayo maneno "saa za Tz" yasiachwe. Msumbiji iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu hujibadilisha yenyewe ikishika mnara wa ng'ambo. Aliyegongewa muhuri Negomano, upande wa Msumbiji wa daraja, saa 3:30 kwa saa za kule, akatoka geti la Mtambaswala saa 5:00 kwa saa za huku, ametumia nusu saa, ingawa ukitoa kichwakichwa utapata saa moja na nusu. Anayekwenda Msumbiji anaweza hata kuonekana amefika kabla hajaondoka! Zima ubadilishaji wa saa wa simu kabla ya kufika mtoni.

Ramani za Google nazo hupaka rangi kwa kufuata simu zilizoko barabarani. Kwenye njia yenye magari machache kama ya Mangaka kwenda Mtambaswala, ukimya wa ramani usiuchukulie kuwa njia nyeupe. Bora anayesafiri akutumie eneo lake mubashara kwa WhatsApp, achague muda wa saa nane nzima, si dakika 15. Ukiona amesimama, angalia kwanza taarifa ilisasishwa lini. Huenda ni mtandao uliokatika, si gari. Picha za foleni msiombane kabisa. Kamera mbele ya askari wa mpakani inaweza kukuletea maswali marefu kuliko foleni yenyewe.

Usalama nao si wa kupuuza: Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya Ruvuma, imekuwa na mashambulizi tangu 2017, na mji wake wa Palma ulivamiwa Machi 2021. Piga simu upande wa pili siku ile ile ya safari, si wiki moja kabla.

Kilambo, njia nyingine ya kuvukia Ruvuma, ni hesabu nyingine kabisa. Pale ni kivuko, karibu na mlango wa Ruvuma, na kinachoamua ni maji kujaa na kupwa. Saa ya maji husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo taarifa ya juzi imeshapitwa. Bamvua (siku za maji makubwa) na maji mafu havifanani pia, maana wakati wa maji mafu hata kujaa kwenyewe ni kudogo. Muulize mtu aliyeko Kilambo penyewe, si wa Mtwara mjini: kivuko kinafanya kazi, na maji ya kesho yanajaa saa ngapi?