Udongo ukishindiliwa, ulanzi hautoki

Kugema ulanzi, utomvu wa machipukizi ya mianzi unaochachuka kuwa pombe, ni kazi ya miguu. Mvua zikishakolea, asubuhi na jioni unazunguka kichaka: unanyoa ncha ya chipukizi, unabadilisha mbeta, yaani chombo cha mwanzi cha kukingia, unahamia jingine. Mimi nina vichaka 46 hapa Iringa, na nyayo zote hizo zinakanyaga udongo mwekundu uliolowa. Misimu michache tu, chini ya mianzi panakuwa sakafu.

Mizizi mingi ya mianzi iko juu juu, nayo huvuta hewa kwenye vijitundu vya udongo. Vikiziba, maji yanatuama, mizizi inaoza, na machipukizi yanatoka machache, membamba kama fimbo ya kuchungia.

Pima kwanza. Siku mbili baada ya mvua nzuri, chukua nondo ya milimita 12, simama hatua moja kutoka kwenye shina, isukume kwa mkono. Ikigoma kabla ya kuzama kiasi cha kiganja, pameshindiliwa. Chimbua bonge, livunje, linuse. Udongo mzima unanukia kama mvua ya kwanza. Uliokosa hewa una madoa ya kijivu na harufu ya tope la bwawani.

Kazi ya kulegeza udongo ifanye kiangazi, mwezi wa saba hadi wa tisa. Mwaka wangu wa kwanza nililima Desemba, nikidhani nawahi mvua. Jembe likawa linapanda na vichwa vyeupe vya machipukizi, kimoja baada ya kingine, vyote vimekatwa. Vichaka vitatu havikunipa kitu msimu ule, na bado naumia nikikumbuka.

Anza na visiki. Chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi. Linabaki kisiki, na visiki hujazana katikati hadi maji hayapiti. Ng'oa vilivyooza kwa shoka na mtaimbo, kata na mianzi iliyozeeka, kisha jaza mashimo kwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Visiki vibichi vya pembeni usiviguse kabisa, maana machipukizi yajayo yatatokea huko.

Halafu legeza, usipindue. Chomeka mtaimbo sentimita 20 hadi 30, utingishe mbele na nyuma mpaka udongo upasuke, chomoa, sogea hatua moja. Anzia nusu mita kutoka kwenye shina ukielekea nje. Jembe hukata mizizi. Mtaimbo hupita kati yake. Karibu na shina tumia vidole tu.

Tandaza majani ya mianzi yenyewe au mabua ya mahindi, unene wa vidole vinne, bila kugusa mashina, mchwa wasipande. Zaidi ya hapo ni kuziba. Kule Zhejiang, China, wakulima hufunika mianzi kwa tabaka nene la pumba za mpunga ili machipukizi yawahi wakati wa baridi, na mashamba yanayofunikwa hivyo mwaka hadi mwaka huishia na udongo mchachu, usio na hewa.

Msimu ukianza, chagua njia moja ya kuingilia kila kichaka na ulaze mianzi mikavu pale unaposimama kugema. Upande wa juu chimba mfereji wa kugeuza maji. Ng'ombe wasiingie, hata kiangazi wakati majani yanawatamanisha.