Stevia nyumbani Moshi, kuanzia mche hadi kikombe cha chai

Wakuu, stevia, ule mmea wa majani matamu wa kutumia badala ya sukari, asili yake Paraguay ila huku Moshi inakubali vizuri tu. Mbegu achana nazo, zinaota kwa mbinde, we tafuta mtu mwenye mche ukate vipandikizi vya kama sentimita 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye viriba vya udongo na mchanga, weka kivulini chini ya migomba umwagie kidogo kidogo, wiki 3 hivi mizizi tayari.

Ukihamishia shambani weka samadi iliyooza na iwe sehemu yenye jua. Maji ndo mtihani, haitaki kukauka na haitaki kusimama kwenye maji, masika yaliyopita nilipanda karibu na mfereji mizizi ikaoza ikawa myeusi kama masizi, siku hizi napanda kwenye matuta.

Afu wahi maua! Mchana wetu ni masaa 12 hivi, kwa stevia huo ni mfupi na ndo unaoiamsha ichanue, so inachanua chap, na ikichanua utamu unashuka. Ukiona tu vitumba vyeupe kata, bakiza kishina kichipue tena.

Majani tandaza kwenye ungo, yakivunjika kraa ukiyafinya, twanga, chekecha. Unga unakua wa kijani, ule mweupe wa dukani umechujwa kiwandani na unazidi sukari utamu mara 200 hadi 300. Kwenye chai anza na ncha ya kijiko, mama mkwe alijaza kijiko kizima, uchungu ulivyomkamata akamwaga chai yote kwenye maua yangu.