Kuchagua Gereji Mjini Malindi Baada ya Ajali

Gari likishagongwa, kabla ya kutafuta fundi ni lazima ijulikane nani atakayelipa, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama una uhuru wa kuchagua gereji. Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee, ambayo ndiyo ya lazima kwa Sura ya 405 ya sheria za Kenya, hutengeneza gari lake kwa fedha zake, isipokuwa aliyemgonga akubali au alazimishwe kulipa. Mwenye bima kamili huwasilisha abstrakti ya polisi (hati inayothibitisha kwamba ajali iliripotiwa), humsubiri mtathmini, na hupata idhini ya maandishi kabla bodi haijaguswa. Kampuni ikikutajia gereji iliyo Mombasa, umbali wa kilomita 120 hivi, uliza papo hapo ni nani atakayelipia bridauni (gari la kuvuta magari mabovu) na kama unaruhusiwa kupendekeza gereji ya Malindi. Mara nyingi anayekosa ruhusa hiyo ni yule asiyeiomba.

Ukiwa na hiari, zitembelee gereji mbili tatu bila gari, asubuhi kazi ikiwa imepamba moto, ukatazame magari yanayosubiri rangi. Hapa kwetu hewa ya chumvi haimsamehe fundi mzembe. Niliwahi kupeleka gari kwenye gereji moja iliyonitoza nusu ya bei ya wenzake, nikalichukua siku ya tatu liking'aa. Kabla kusi haijaisha, rangi ya ubavuni ilikuwa imefura malengelenge, na nilipoibandua kwa ukucha nikakuta puti nene, ule udongo wa kuziba mabonde ya bati, iliyopakwa juu ya bati lenye kutu, bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Tangu hapo hutembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kitambaa isikwaruze: huigusisha kwenye mlango wa gari ambalo fundi amelimaliza, na mahali isiposhika, bati limefichwa chini ya puti. Bampa za plastiki hazihusiki. Tazama pia rangi hupigwa wapi, kwani uwanja wazi wenye vumbi, hasa wakati wa masika, hunasa unyevu ambao utajitokeza baadaye.

Gari likiwa limegongwa kwa nguvu, swali kubwa ni la shasi, yaani fremu inayobeba gari zima. Muulize fundi atapimaje kwamba imenyooka. Anayejua kazi atakueleza kwamba hupima mshazari kutoka tundu la shasi la kushoto mbele hadi la kulia nyuma, kisha kinyume chake, na vipimo hivyo viwili sharti vilingane na vile vya kiwanda. Anayekujibu kwamba atarekebisha alaimenti ya magurudumu, basi, hajalielewa swali. Vivyo hivyo kwa mifuko ya hewa iliyofunguka: isikubalike kuunganisha waya ili taa ya dashibodi izimike. Taa hiyo inapaswa kuwaka unapofungua swichi, kisha izime yenyewe.

Makadirio yawe ya maandishi, yakitenganisha spea, kunyoosha bodi, rangi na ufundi, na yaseme kama kodi ya asilimia 16 imo. Kwa boneti na milango, mimi huona afadhali spea halisi iliyotumika kutoka Japani kuliko mpya ya kuiga, kwa kuwa ya kuiga huacha mianya isiyolingana pembeni. Omba urudishiwe vipuri vilivyotolewa, hata kama utaishia kuviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mwenye gari aliyeko Mokowe, upande wa bara wa Lamu (kisiwani Lamu kwenyewe punda ndiye hubeba mizigo) aombe picha za kila hatua, hasa kabla ya puti kupakwa, kwa kuwa safari ya kuja kukagua ni ndefu.

Siku ya kulichukua, nenda mchana jua likiwa kali, simama ubavuni ukitazama rangi kwa mshazari, kisha liendeshe kwenye lami iliyonyooka ukilegeza mikono kidogo kwenye usukani uone kama linavuta upande mmoja. Ile fomu ya bima ya kukiri kwamba umeridhika itiwe sahihi baada ya hapo.