Somo: Kusafirisha ndege ya mabomu ya vita kuu ya pili kwa lori, pamoja na maswali yenu

Wakuu, tangu niweke picha za ile B-17 (ndege ya mabomu ya Marekani yenye injini nne) juu ya lobedi, yaani trela ya chini ya kubebea mizigo mikubwa, kila siku napokea ujumbe: "inabebwaje?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kazi yangu ni kuendesha mizigo mikubwa huku Marekani. Siku za mapumziko najitolea kwenye karakana ya kurejesha ndege za zamani katika hali yake. Naongelea ndege ya maonyesho, ambayo hairuki tena.

Hatua ya 1: Vipimo. B-17G (toleo la G la ndege hiyo) ina mita 31.6 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, urefu mita 22.7, na ikiwa tupu ina tani 16 na ushee. Uzito usikutishe, kinachosumbua ni umbo. Huku mzigo ukizidi upana wa mita 2.6 unatakiwa kibali, na kila jimbo linatoa chake.

Hatua ya 2: Mwaga mafuta na oili, toa betri.

Hatua ya 3: Toa vinavyochomoza. Mapangaboi manne (kila moja mita 3.5 hivi), usukani wa mkia, pua ya plastiki angavu, na lile tufe la bunduki chini ya tumbo. Tufe likibaki, bodi (kiwiliwili cha ndege) haikai kwenye trela. Pua usiifute kwa petroli wala kwa kitambaa kikavu. Maji mengi, sabuni, na kiganja kitupu, maana kiganja kinaihisi chembe ya mchanga kabla haijachora.

Hatua ya 4: Vua mabawa. Kreni ishike uzito kwanza, ndipo pini zitoke. Zile pini zimechongwa nyembamba upande mmoja. Kila moja iandike namba ya tundu lake, usizimwage zote kwenye ndoo moja.

Hatua ya 5: Vitanda vya mbao vya kulalia bodi. Hapa someni polepole.

Bati la ndege ni jembamba, na nguvu yote iko kwenye mbavu za ndani. Kitanda cha mbao lazima kiguse pale penye ubavu. Utaujua ubavu ulipo kwa mstari wa ribiti (vile vipini vya kuungia bati) unaozunguka bodi. Safari yangu ya kwanza nilipima nikiwa na haraka, kitanda kimoja kikakaa kama sentimita 20 pembeni ya mstari. Kwa macho kilionekana sawa, nikakaza mikanda, tukaondoka. Baada ya kilomita 300 nikafunua zulia lililobandikwa kwenye kitanda nikakuta bati limebonyea kwa ndani, upana wa sahani ya wali, na ribiti tatu zimekatika vichwa. Lile bati lilinyooshwa kwa mkono na mzee wa karakana yetu kwa wiki mbili. Nilimpigia simu nikiwa kando ya barabara, na sijasahau alivyokaa kimya. Kwa hiyo: usikaze mkanda juu ya bati tupu, usitegemee zulia kuficha kosa la vipimo, na simama baada ya kilomita 30 za kwanza ukague kila kitanda kwa mkono.

Hatua ya 6: Turubai. Likipepea, vumbi linaloingia chini yake linakwangua rangi kama msasa. Ama libane kabisa, ama liache.

Hatua ya 7: Njia. Pima kimo mzigo ukishafungwa. Gari la mbele libebe fito iliyozidi kimo hicho kidogo. Fito ikigusa daraja, msafara unasimama.

Hatua ya 8: Kuunga ni kurudi nyuma hatua kwa hatua.

MASWALI

Swali: Mkuu, si wangeirusha tu ifike?

Jibu: Nimeandika juu kwamba hairuki. Hata Memphis Belle, ile B-17 maarufu ambayo kikosi chake kilimaliza safari yao ya 25 ya vita tarehe 17 Mei 1943, iliondoka Memphis kwa malori mwaka 2005. Ilikarabatiwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga pale Dayton, Ohio, ikafunguliwa kwa watu tarehe 17 Mei 2018.

Swali: Ina tani ngapi?

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Mngetia kwenye kontena. Naona mnapenda gharama.

Jibu: Kontena la futi 40 lina mita 12 ndani, upana mita 2.35. Rudia vipimo. Na pesa ni michango ya watu, ndiyo maana sibahatishi.

Swali: Kaka, mimi wa Kigoma. Babu alisema meli ya Liemba nayo ililetwa vipandevipande. Ndiyo mbinu hii?

Jibu: Ndiyo, dada, umegusa penyewe. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikatiwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa kwa meli nyingine hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani 1915. Tofauti ni kwamba meli ile ilikuwa mpya. Ndege iliyorejeshwa ina viraka vilivyopimwa kwa mkono, kila kipande kinakubali mahali pake tu. Namba zako zisifutike.

Swali: Mimi fundi bodi. Hicho kitanda unakichongaje kifuate mviringo?

Jibu: Swali zuri, fundi. Simamisha ubao karibu na bodi. Chukua washa pana (kile kipete bapa cha chini ya nati), tia penseli kwenye tundu lake, uibiringishe ikigusa bodi mwanzo hadi mwisho. Penseli inachora mviringo uleule kwenye ubao. Kata, kisha punguza ubao kwa kiasi cha unene wa zulia utakalobandika. Jaribu na kadibodi kwanza.

Swali: Nimenunua geji ya zamani ya rubani, haing'ai tena gizani. Naweza kuifungua niisafishe?

Jibu: Usiifungue hata kidogo. Geji nyingi za wakati ule zilipakwa rangi ya radiamu. Mng'ao umekufa, mionzi ipo, na radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu. Hatari kubwa ni vumbi lake kuingia mwilini. Itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, iandike, isikae chumba unacholala. Kioo chake kimepasuka? Nijibu kabla hujaigusa tena.