Kasha la kufuli 3: ufundi wa Uingereza ya kale kwa mninga wa kwetu Mikindani

Akina mama wa kikundi cha akiba hapa Mikindani waliponiagiza kasha la kufuli 3, kila ufunguo na mshika wake, nilikumbuka makasha ya mwaloni ya Uingereza. Mwaka 1199 Papa Innocent III aliagiza kila kanisa liweke kasha la michango lenye funguo 3: mmoja wa askofu, mmoja wa padri, mmoja wa muumini. Basi nikalijenga kwa mtindo wao, na fundi mwenzangu, nawe unaweza.

Anza na ubao. Wale mafundi hawakutumia msumeno kupasua gogo. Walilipiga kabari lingali bichi, likatoka nusu, robo, kisha vipande kama vya chungwa, wakavisawazisha kwa shoka na tezo. Ubao wa hivyo haupindi ovyo. Sisi mninga hutufikia umeshapasuliwa, kwa hiyo tazama kichwa cha ubao: pete za mti zikisimama wima, chukua. Zikilala kama upinde, uache, utabetuka.

Kila kona ina nguzo, yaani ubao mpana uliosimama, na sehemu yake ya chini ndiyo mguu unaoliinua kasha lisiguse unyevu wa sakafu. Chimba mfuo, yaani mfereji mwembamba, ubavuni mwa nguzo kwa patasi. Mbao za ukuta zilale. Punguza ncha zake ziwe ulimi unaoingia mfuoni, kisha toboa kwa keekee na ugongelee vijiti.

Hapo kwenye vijiti usiharakishe. Mwaloni ulikuwa mbichi na vijiti vikavu, hivyo mti ulivyosinyaa ndivyo ulivyozidi kuvibana. Mninga wetu ni mkavu: kijiti cha katikati kibane kabisa, lakini matundu ya ulimi yaliyo juu na chini yarefushe kidogo kwa tindo, ubao upate pa kutembea. Gundi usitie. Kasha langu la kwanza nililitia gundi na misumari kila mahali. Masika lilitulia. Kusi ilipoanza kukausha kila kitu, usiku mmoja nikasikia mlio kama kuni ikivunjwa. Asubuhi ubao wa mbele ulikuwa umepasuka kutoka nguzo hadi nguzo, ufa unaingia ukucha. Niliumia sana, maana ulikuwa ubao mzuri kuliko yote niliyokuwa nayo.

Sakafu ya kasha ni mbao zilizoingia mfuoni, kazi nyepesi. Kifuniko mimi hukiwekea bawaba za dukani. Makasha mengi ya kale yaligeukia pini iliyopita nguzo za nyuma.

Pete za kufuli zifunge kwa bolti, nati zibaki ndani, mtu asizifungue kwa nje. Ziachanishe shibiri moja, ili wakati wa kuhesabu fedha wale mama watatu waweze kuinama pamoja, kila mmoja na ufunguo wake.